Anachotaka Baba Mdogo

Japani, 1998

Dada yangu Wangui,

Natumaini u mzima, na kwamba baridi ya Tetu imewaachia kidogo. Kifua cha bibi yetu, Cucu, kinaendeleaje? Mimi mwili hauna neno.

Barua yako nimeisoma mpaka mikunjo inakatika. Ati wazee wa kina Mwangi walitoka Kutus kuja kukuposa na pombe yao ya asali, wakapewa chai, kisha Baba Mdogo akaenda kukamua ng'ombe asirudi! Ningecheka, kama si wewe uliyekuwa jikoni ukingoja kuitwa uulizwe kama pombe inywewe. Hukuitwa. Na kesho yake anakuambia, "Hao ni watu wa mpunga. Msichana wa Tetu atasimama kwa maji kama bata?"

Sasa unasema wazee wakirudishwa tena utamfuata Mwangi bila kuaga. Na unaniuliza mimi, kwa kuwa nimesoma, Baba Mdogo anataka nini.

Nikueleze jambo la kipuuzi. Yuki, ninayeishi naye chumba kimoja, ana mchezo wa kompyuta ambao ni hadithi ya mapenzi. Unasoma, unamchagulia msichana la kusema au la kufanya, na hadithi inafuata hapo. Msichana ni yatima kama sisi. Mlezi wake ni daktari mzee asiyecheka, anayefunga lango kila mchumba akikaribia.

"Ana wivu tu," Yuki alisema. "Anataka awe wake."

"Acha uchafu. Amemlea."

"Kwani waliolea hawana wivu?"

Nikacheza njia zote ili nimshinde. Dada, kila njia ina mlezi mwingine. Msichana akitoroka, tunaonyeshwa kwamba mzee alikuwa na choyo tangu mwanzo. Akitii, tunaambiwa mzee aliapa mbele ya mama wa msichana, kabla hajafa, kwamba atamlinda. Akimuuliza waziwazi, mzee analia, na kumbe ni upweke. Nikamuuliza Yuki yupi ndiye wa kweli.

"Wote. Inategemea umechagua nini."

Nikaizima kompyuta, nikaitoa tena barua yako.

Maana namkumbuka Baba Mdogo akituvusha matope kwenda shule, mimi mgongoni, wewe umeshika koti lake. Namkumbuka pia akimfukuza yule mwalimu wa Ruring'u aliyekuwa akikutaka: "Mwanamume gani anavaa viatu vyeupe na tope hii?" Tulicheka sote, hata wewe. Ningekuwa hapo ningemtazama uso anapotaja jina la Mwangi. Nikiwa huku mbali, nikijaribu kuuona uso wake, unakuja ule wa daktari.

Nadhani hakukuita kwa sababu alijua ungeionja ile pombe, na ukishaonja yeye hana la kukataa. Nadhani tu. Usiende wala usikae kwa ajili ya dhana yangu. Nilipiga simu dukani hapo kituoni, wakamtumia Baba Mdogo mtu. Jibu lililorudi ni kwamba hana habari ya kumpa mtu asiyemwona.

Ile njia ya kutoroka huishia harusini. Nimeirudia nikitafuta mlezi alifanya nini asubuhi iliyofuata, alipokuta lango liko wazi. Hawakuandika. Yuki anasema hadithi ni ya msichana.

Nisalimie Cucu, na shangazi yetu, Tata, anayetuombea kanisani, na Mwangi, ambaye sijui kama nimwite shemeji.

Barua hii itachukua majuma kufika, na sina namna ya kuiharakisha. Huenda ikakuta umeshaondoka, ikafunguliwa na mwingine. Kama ni wewe unayeisoma, Baba Mdogo, nakusalimu kwa heshima zote. Yote niliyoandika hapa kukuhusu nimeyabuni. Tafadhali mtafute Wangui, umwambie mwenyewe unachotaka.

Ni mimi mtoto wenu wa mbali,
Muthoni