Tanki ya Daktari

Jumatatu, 3 Machi 1997
Nimeosha changarawe tangu asubuhi. Karai tano. Vidole vimekunjamana kama vya maiti.

Bosi Njuguna ameleta tena kile kitabu chake cha Uholanzi. Kwenye picha zake mimea ya majini imepandwa kwa mistari, mitaa kwa mitaa, nyekundu, kijani, nyekundu, ya mbele fupi, ya nyuma ndefu. Eti kila tanki ya samaki inayotoka dukani kwake iwe hivyo. Mimi ndiye nimepanda mitaa hiyo miaka miwili sasa. Si mibaya. Lakini nikiiangalia naona matuta ya sukuma wiki.

Leo amekuja daktari wa meno, mama mpole, anataka tanki ya pale wagonjwa wanapongojea. Akauliza nani hupanda. Bosi akajibu, "Mimi mwenyewe." Nilikuwa hapo hapo, karai mkononi. Nikaendelea kuosha. Nimejichukia njia nzima hadi nyumbani Lindi, mtaa wetu wa mabanda.

Alhamisi, 6 Machi
Bosi yuko matangani kwao tangu jana. Tanki ya Daktari inatakiwa kesho. Nimeipanda nilivyotaka.

Gogo moja la mzizi, nililolipata kwa muuza makaa. Nilikuwa nimelichemsha siku tatu kwenye jiko langu, maana bila hivyo linageuza maji kuwa chai ya rangi. Mawe matatu ya mtoni, kubwa likiwa kando, si katikati. Majani mafupi kama nyasi. Upande wa kulia nimeacha mchanga mtupu. Ni kama mto Nzoia kwetu wakati wa kiangazi, pale tulipokuwa tukichota maji.

Ouma, fundi wetu wa vioo, alisimama akatazama.
"Nafula, huku hujamaliza."
"Nimemaliza."
"Njuguna atakumeza mzima."
Halafu akachuchumaa, akatazama tena.

Ijumaa, 7 Machi
Tumeiweka tanki kwenye kliniki ya Daktari. Kulikuwa na mama mmoja mzee, shavu limevimba, amelishika kwa leso. Alikaa mbele ya tanki. Akaitwa jina mara mbili, hakusikia. Mara ya tatu ndiyo akashtuka.

Nimefurahi sana leo.

Jumatatu, 10 Machi
Bosi amerudi. Kaambiwa. Amenigombeza mbele ya wateja, nani alinipa ruhusa, mimi ni nani. Katikati ya makelele simu ikalia. Ni Daktari. Ameipenda mno, na wakili wa jengo hilo hilo anataka kama hiyo.

Sauti ya bosi ikageuka sukari. "Ndiyo, Daktari. Hiyo ni staili yangu mpya. Nimeifikiria siku nyingi."

Alisema akiniangalia. Machoni.

Nilitoka nikasimama kwenye steji ya matatu. Muuza mahindi akaniuliza kama nina malaria.

Alhamisi, 13 Machi
Nimemwambia bosi ana kwa ana. Nimemwomba kitu kimoja, amwambie Daktari ni nani aliyepanda. Basi.

Akacheka. "Wewe ni wa kuosha changarawe. Nani atanunua tanki ya mwanamke wa Lindi?"

Naandika maneno yake yalivyo ili nisije nikayalainisha baadaye. Mshenzi. Mungu anisamehe, lakini mshenzi.

Jumamosi, 15 Machi
Tanki ya wakili ameipanda bosi mwenyewe jana, akanikataza nisiguse. Leo saa nne akatuma niitwe kwa wakili, mbio.

Mzizi hakuuchemsha. Maji meusi. Mawe mawili yanalingana, yamesimama katikati kama nguzo za geti. Mimea imeng'oka, inaelea. Samaki wako juu, midomo wazi.

Mbele ya wakili akasema, "Huyu msichana wangu ndiye aliharibu."

"Mimi sijagusa tanki hii," nikasema. "Nimeingia ofisi hii leo kwa mara ya kwanza. Wakili, muulize karani wako."

Karani akatikisa kichwa kukubali. Wakili akamgeukia bosi. Bosi akaanza kutafuta kitambaa cha kufutia mikono.

Nikawahamisha samaki kwenye ndoo ya maji safi, maana wao hawana kosa. Nikavua aproni nikaiweka juu ya kioo. Nikaondoka. Aliniita msichana mpaka kwenye ngazi. Nina miaka thelathini na moja.

Jumamosi, 22 Machi
Nimekaa nyumbani wiki nzima, nimefua hata pazia. Leo nikaenda kwa Daktari kumwambia ukweli.

Sikuikuta tanki yangu.

Bosi alikuja Alhamisi, eti service, kuisafisha. Aling'oa kila kitu. Sasa ni mitaa. Nyekundu, kijani, nyekundu. Nyasi zangu alizitupa, mzizi akaubeba. Alimwambia Daktari zilikuwa na ugonjwa.

Hazikuwa na ugonjwa! Zilikuwa zimeanza kushika!

Nililia kwa hasira mbele ya wagonjwa na sikujali. Nikaeleza yote. Daktari alisikiliza, glavu bado mikononi. Kisha akauliza kama naweza kuirudisha ilivyokuwa.

Nikamwambia hapana. Ile imekwisha. Naweza kupanda nyingine.

"Basi njoo kesho," akasema. "Kesho tumefunga. Nitakuachia ufunguo kwa askari wa getini."

Jumapili, 23 Machi
Jumapili ya Matawi. Nilitoka kanisani moja kwa moja.

Ouma alikuja kunisaidia kuinua mawe, bila bosi kujua. Safari hii nimetumia mawe tu, matano, yameinama upande mmoja kama yamesukumwa na mkondo. Mimea michache katikati yake. Ile mitaa niliing'oa taratibu, nikaifunga kwenye gazeti lenye maji. Mmea haujui ulipandwa na nani.

Hasira haijaisha. Nimefanya kazi nayo.

Maji niliyamimina juu ya sahani, kidogo kidogo, mchanga usitibuke. Hata hivyo yalitibuka. Ouma akaenda zake. Nikakaa kwenye kiti cha wagonjwa, mikono mapajani, nikingoja yatulie. Nje mvua ilikuwa inaanza. Lile jiwe la mbele lilionekana kwanza.