Mama Hali Mpaka Nifike

Alhamisi, Ramadhani 28. Malindi.

Bora ningepanda basi. Tiketi ya ndege nilinunua makusudi ili leo nifuturu nyumbani Ozi, na safari ya saa moja kutoka Nairobi imekula siku nzima. Kila tukimuuliza yule binti wa kaunta ya uwanja wa ndege anatabasamu: "Bado kidogo tu." Lile tabasamu ndilo lililonichoma zaidi.

Tumetua jua linazama. Magari ya Garsen, njia ya kwenda Ozi, yalishaondoka, na usiku hakuna dereva anayekubali barabara ile. Nimechukua chumba. Nimefuturu tende na chai, peke yangu.

Ninayemhofia ni Mama. Tangu tukiwa wadogo, mtoto wake akiwa njiani yeye hagusi chakula mpaka msafiri aingie mlangoni. Zamani tulikuwa tukimcheka. Sasa ana sukari, na kufunga daktari alimkataza, lakini nani atamwambia. Akianguka usiku huu, na zahanati ilivyo mbali...

Nikampigia. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Umefika wapi, mwanangu?"

Nikadanganya. Mwezi mtukufu huu, nikadanganya. "Niko Garsen, Mama, kwa shangazi Zuhura. Nimeshakula, nitalala hapa. Na wewe kula." Kwa shangazi ni nyumbani tu, nilijua atakubali.



"Shangazi yako ninaye hapa tangu adhuhuri," akasema. "Amekuja kukupokea. Naye hajala."