Nukta mia za daktari

Shoga, nimechoka, hata kulia siwezi.

Kile kipimo cha matiti kimeonyesha kitu. Nikampigia dada palepale: "Wanangu nakuachia wewe." Akaangua kilio mbele ya wateja wake!

Ndipo daktari akanichorea nukta mia. "Hawa ni wanawake mia walioitwa tena kama wewe." Akapaka chache rangi nyekundu, hata kumi hazifiki. "Hawa ndio wenye saratani. Waliobaki kipimo kimewatisha bure."

Bure, shoga! Bure!

Nikamuuliza, "Mimi ni nukta ipi?"

"Bado sijui. Ndiyo maana tunapima tena."

Wameshanichoma sindano ya kutoa kinyama cha kupima, majibu Alhamisi. Dada kaja na begi lake, yuko jikoni anawalisha watoto. Nimemweleza nukta zote. Kasema, "Hata nyekundu ingekuwa moja tu, siondoki."