Tufaha la Zbyněk

Hrušovice, 24 Oktoba 1994

Mwanangu Zbyněk,

Pokea salamu zangu na za baba yako. Sisi hatujambo, kuku nao hawajambo, ni mvua tu inayotuchosha. Wewe je, mguu? Baba yako amesikia redioni kwamba ulitolewa uwanjani kwa machela. Mimi sikusikia. Unajua mkicheza huwa najifungia bandani kwa kuku mpaka mpira uishe. Alinifuata huko, na uso wake ukanitosha. Niambie ukweli.

Mama yako

Ostrava, 3 Novemba

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima kabisa. Goti limeguswa kidogo tu, na yule mshambuliaji naye hatanisahau upesi. Mwambie baba asitangaze msiba kule baa. Baada ya Krismasi nitarudi uwanjani. Uyoga mkavu umefika, asante.

Mwanao, Zbyněk

Ostrava, 8 Desemba

Mama,

Nisamehe kwa kimya cha mwezi mzima. Natumai hamjambo. Nilikudanganya. Daktari amesema goti halitakuwa tena la mpira. Nitatembea, nitapanda ngazi, lakini ubeki umekwisha. Nina miaka thelathini na moja na sijui kazi nyingine ila kumzuia mtu asipite. Baba ametundika jezi yangu ukutani baa na watu wanamnunulia bia kwa ajili yake. Nitamtazamaje usoni? Krismasi hii niacheni nibaki huku.

Mwanao

Hrušovice, 11 Desemba

Mwanangu,

Salamu, na kwanza keti. Barua yako nimeisoma nimesimama getini. Nikacheka, kisha nikalia, hadi jirani Vlasta akaniuliza nani kafa. Nikamwambia hajafa mtu, ni goti tu.

Unakumbuka mwaka jana tulipokata matufaha ya bahati, kila mtu lake, baada ya chakula cha Krismasi? Lako nilikukatia mimi, maana wewe ulikuwa unahangaika na mwiba wa samaki. Nikasema lina funza, nikalitafuna lote na kokwa zake. Halikuwa na funza, Zbyněk. Nilitafuta nyota katikati kwenye kokwa, ile ya kusema mwakani tutakuwa mezani sote, nikakuta msalaba, ule wa kusema mwenye tufaha atakufa. Tangu siku hiyo nimekuzika kila Jumapili kule bandani. Kila uliporuka kupiga mpira kwa kichwa nilijua ndiyo siku yenyewe. Kumbe ni goti. Mwanangu, sijalala vizuri hivi tangu mwaka jana.

Na sasa wewe unataka kiti chako kibaki kitupu, uutimize msalaba kwa makusudi?

Baba yako nimemwambia. Alimaliza supu yake kwanza, ndipo akasema, "Basi Jumapili na mimi nitapata usingizi wa mchana." Baadaye akaniuliza, "Kwani yeye anadhani nilizaa jezi?" Samaki wa Krismasi amekwisha kumnunua, mzima mzima, anaogelea kwenye bafu letu na hatuna pa kuoga. Anasema uje umuue wewe, mkono wake siku hizi unatetemeka. Mabeki wote mnajidai hamna huruma, tutaona.

Njoo.

Mama yako

Ostrava, 15 Februari 1995

Mama mpendwa,

Salamu kwako na kwa baba. Goti halijambo, linanung'unika tu theluji ikianguka. Klabu imenipa watoto wa miaka kumi niwafundishe. Wananiita babu, na wananitii kuliko washambuliaji walivyowahi kunitii. Mwambie baba yule samaki tuliyemwachilia mtoni badala ya kumuua asimtaje baa. Nina heshima yangu bado.

Krismasi nyota tatu zilitoka, moja kwa kila mmoja wetu. Lakini nilikuona, Mama. Tufaha lako na la baba uliyakata huku unatazama. La kwangu ulilikata umefumba macho.

Jumapili timu inaanza tena. Mimi nitakuwa jukwaani na soseji mkononi, nikimzomea beki mpya. Kwa hiyo safari hii kuku uwaache peke yao. Washa redio, ukae na baba, usikilize mpira.

Mwanao, Zbyněk