Madigadi ya Upande wa Pete

Baba Gunnvor,

~~Chakula jipikie.~~ Supu ya kondoo iko jikoni, pasha tu. Na nati zako umezitia kwenye kikombe changu cha kahawa. Zitoe!

Nimerudi Voss kwa yule mzee wa vyuma chakavu, kubadilisha madigadi. Hakuna mwingine mwenye vipuri vya trekta la babu yako. Kesho binti yetu anataka kwenda kanisani amekaa juu ya madigadi ya kushoto, kando yako ukiendesha, kama alivyozoea utotoni. Ile ya zamani imeoza, na mimi jana nilileta ya kulia, basi leo asubuhi ukanifokea mbele ya bibi harusi: "Kwani huna masikio?"

Ninayo! Nilikupigia nikiwa kwa mzee, nikauliza upande gani. Ukajibu, "Upande wa pete, mke wangu." Haya. Ninyi Wanorwei pete mnavaa kulia, nikabeba ya kulia. Kumbe ulimaanisha pete yangu, maana sisi Waswidi tunavaa kushoto!

Yaani miaka yote hii ya ndoa, siku uliyoamua kufikiria upande wangu ndiyo hii?

Mkeo wa Kiswidi