Mkono wa Mwanakombo

Maskati, Jumapili

Dada Kawthar,

Mama hajambo, joto limeanza, na halua uliyoagiza nshainunua soko la Matrah.

Yule Mwanakombo, binti wa jirani yako uliyemleta kufanya kazi za ndani kwa kaka yetu Saud, leo kaja ofisi ya kazi ninapotafsiri. Kafunua mkono: alama nzima ya pasi ya moto. Alhamisi alidai pasipoti yake, ambayo sheria ya hapa inamkataza mwajiri kuishika. Saud akamkandamiza nayo mpaka ngozi ikaganda kwenye chuma.

Nilitafsiri neno kwa neno. Ofisa akaniuliza, "Unamjua huyo Saud?"

"Nimenyonya naye ziwa moja."

"Basi huwezi kutafsiri."

Nikavua kitambulisho, nikamwambia aniandike shahidi. Ijumaa kule Ansab, nyumbani kwa Saud, Mwanakombo alitupakulia biriani kwa mkono mmoja, wa pili kaufunga kitambaa, damu imepenya. Sote tuliona. Mimi nikamwambia aniongeze wali.

Saud atakupigia akwambie nimemuuza. Wewe nenda kwa mama yake Mwanakombo, umwambie mwanawe yu hai. La wali usimwambie. Ntakuja kumwambia mwenyewe.

Nduguyo,
Wadha