Sisimizi Kwenye Visheti vya Posa

Nyakabanda, Kigali
14 Septemba 2025

Mpendwa Shangazi Kankindi,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Goti lako linaendeleaje huko Tabora? Sasa unaweza kusujudu bila kushika kiti? Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Mimi nimemaliza mitihani ya mwisho na nashinda nyumbani na Bibi.

Najua umesikia kwamba wazee wa Shafiq walikuja Jumapili iliyopita kumposa Dada Shimwa. Huenda umesikia pia kwamba niliaibisha nyumba. Kwa simu nimeshindwa kukueleza, ndiyo maana naandika.

Visheti nilipika mimi, Jumamosi. Kila mguu wa meza niliutia kwenye kopo la maji, kama Bibi afanyavyo siku zote, wadudu wasipande. Halafu nikatandika kile kitambaa chake cha kudarizi na kuweka sinia juu yake. Kumbe pindo la kitambaa liligusa ukuta.

Asubuhi visheti vilikuwa vinatembea. Shangazi, nywele zilinisimama. Sisimizi wadogo weusi walijaa kwenye shira, wengine wamezama humo miguu juu. Waliokuwa wanarudi walikuwa na matumbo yaliyovimba, na kila walipokutana na wenzao waliokuwa wanakuja walisimama wakagusana vichwa, kama wanaopeana habari. Nilipofuta njia yao kwa sabuni walizungukazunguka, kisha wakaiunganisha tena.

Bibi alicheka. "Sisimizi si nzi. Anika juani, watajiondokea."

Kweli, wengi waliondoka. Lakini mimi niliifuata ile safu nijue inatoka wapi. Ilipita nyuma ya mtungi wa gesi, na hapo palikuwa na mjusi aliyekufa, tumbo wazi. Walikuwa wanaingia mdomoni mwake na kutokea tumboni. Safu ilikuwa moja tu: huku mjusi, huku visheti vyangu. Nilikimbia uani kutapika.

Niliporudi wageni walikuwa wameshakaa, na Bibi ameshawaandalia visheti. Nikamnong'oneza Bibi.

"Ceceka, mwana wee! Unataka kumharibia dada yako?"

Nikanyamaza. Unanijua, mbele ya wageni hata salamu hunikwama kooni. Lakini Mzee Mutabazi, ami yake Shafiq, alipoinua kisheti nikaona kitu cheusi kimeganda kwenye sukari.

"Mzee, usile! Wametoka kwenye mzoga!"

Mzee akakitazama kile kisheti, akakirudisha polepole. "Binti yangu," akasema, "hiki ni cha tatu."

Waliaga bila kumaliza chai. Dada alilia mpaka magharibi. Hakunitukana, aliniuliza tu, "Ungenyamaza, nani angekufa?"

Jana Shafiq alileta majibu. Wamekubali! Ila vitafunio vya harusi watapika wao wenyewe, na wamesema hilo ni sharti.

Dada ameanza kucheka. Bibi bado, ananipa sahani akiangalia pembeni. Tafadhali mpigie simu, wewe anakusikiliza. Nimemwomba radhi kwa kumwaibisha. Lakini anataka niseme kwamba nilikosea kusema, na hilo siwezi, Shangazi. Nilimwona yule mjusi.

Wasalimie Rwema na Ihirwe, na majirani wote wanaonikumbuka. Mungu akuponye goti na akulindie jiko lako.

Ni mimi binti wa kaka yako, nikupendaye sana,

Ikirezi